Mlima Uliovishwa Majani ya Migomba

Mama yangu alipoambiwa kwamba kuna chombo angani kinachopiga picha nyumba yake, swali lake la kwanza lilikuwa kinapita saa ngapi. Hakuuliza ni cha nani wala kinatafuta nini. Alitaka kujua saa, kwa sababu siku hiyo alikuwa ameanika nguo za ndani uani, na yeye si mtu wa kuonwa hovyo.

"Saa ine na nusu ya asubui, Maman," nikamjibu. "Inapita kila kisha siku kidogo."

"Ata siku ya Mungu?"

"Ata siku ya Mungu."

"Haina adabu," akasema, akaenda kuanua.

Nilikuwa nimeajiriwa na mradi mmoja mdogo wenye ofisi Cyangugu, chini karibu na ziwa: vyumba vitatu na mashine ya kuchapia iliyokuwa ikigoma kila mvua ilipokaribia. Tulichukua picha za setilaiti, tukaziweka pamoja na vipimo vya miteremko na vya mvua, tukachora ramani inayoonyesha mlima upi umetulia na upi unaweza kushuka na kila kitu kilicho juu yake. Mvua za siku hizi si zile tulizozizoea. Zinachelewa mpaka watu wanaanza kugombana kanisani, halafu zinakuja zote kwa pamoja, na milima yetu haijajiandaa.

Kwenye ramani hiyo kijani kilikuwa amani na wekundu ulikuwa hatari. Doa jekundu kuliko yote katika upande wa Mururu lilikuwa juu kidogo ya nyumba ya mama yangu.

Nyumba hiyo ilikuwa ya kwanza kuwa yake. Maisha yake yote Bukavu alipanga, akifundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma na kukaa kimya, na tuliporudi Rwanda alisema hatakufa kabla hajagombana na fundi wake mwenyewe. Akapata kiwanja, akapata fundi, wakagombana, nyumba ikasimama. Tatizo ni mahali udongo wa matofali ulipotoka. Ulichimbwa palepale mlimani, baada ya mikaratusi kukatwa, kwa hiyo mama alikuwa ameuchimba mlima ili ajenge chini ya mlima aliouchimba. Nilipomwambia hivyo aliniuliza kama nilitaka achimbe mlima wa jirani.

Kiangazi kilikuwa kinaisha. Nilikwenda mara tatu kumwomba ahamie kwangu Kamembe mpaka msimu wa mvua upite, na mara zote tatu alinipa chai na kunisindikiza. Usiku nilikuwa naiona jikoni yake, ile ya nje iliyogusana kabisa na mteremko, na nafsi yangu haitulii. Nina hasira za karibu. Nimezirithi, na aliyenirithisha yuko hai na hajapungukiwa nazo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya kuzibua mitaro na kufyeka barabara, watu hukaa chini wakafanya mkutano. Ndipo nilipopewa nafasi ya kueleza ramani. Niliibandika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Watu waliiangalia kwa heshima muda wa kama dakika moja, kisha maswali yakaanza.

Mzee mmoja aliuliza kama setilaiti inaona chini ya migomba. Nikamwambia haioni. Akashukuru, akakaa, na kijiji kizima kikajua pombe yake anaifichia wapi. Mwanamke mmoja akataka kujua kama mbuzi wake aliyepotea yumo kwenye picha, na kama yumo, alikuwa ameelekea upande gani. Nikaeleza kwamba kila mraba mmoja wa picha una ukubwa wa nyumba, kwa hiyo mbuzi haonekani.

"Kama haioni ata mbuzi," akasema, "itaona mulima?"

Watu walicheka sana. Mama yangu hakucheka. Alikuwa amekaa mbele kabisa, mikono imekunjwa, akinisimamia kama nilipokuwa na miaka sita.

"Sema kwa nguvu," akaniambia mbele ya kila mtu. "Bale ba nyuma habasikii. Na toa mukono mu mufuko."

Nikautoa mkono mfukoni. Ila damu ilikuwa imeshachemka, na mtu aliyekasirika huongea kuliko alivyotumwa. Nikasema, kwa nguvu kama nilivyoagizwa, kwamba mahali palipo pekundu watu watahamishwa kabla ya mvua, kwamba picha nyingine ingepigwa Ijumaa inayofuata saa nne na nusu, na kwamba baada ya picha hiyo orodha ya wanaohama ingefungwa.

Hapo akasimama katekista. Ni mzee mrefu, mpole, anayeongoza kwaya ya kanisa dogo la pale, na nyumba yake iko jirani na ya mama, hatua chache nje ya wekundu.

"Mutoto yangu," akaniuliza, "ile kijani yenye inapendaka, ni ya miti ao ya majani?"

"Kijani yoyote, Papa. Ile kitu inaangaliya rangi tu."

Katekista akamtazama mama yangu. Mama yangu akamtazama katekista. Mimi nikakunja ramani yangu nikaenda zangu, nimefurahi kwamba hatimaye mtu alikuwa ameuliza swali la maana.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, kwa vipande, kila mtu akiongeza chumvi yake. Alhamisi jioni kila nyumba ilikata majani ya migomba. Ijumaa alfajiri kwaya nzima iliyapandisha mlimani kwa kichwa, sauti ya kwanza upande huu, sauti ya pili upande ule, besi wakibeba mawe ya kuyakandamizia yasichukuliwe na upepo. Mama yangu alisimama katikati na fimbo, akiwaonyesha. "Hapa iko na kipara! Ongeza! We, hapana kulalisha ile upande ya tumbo, geuza, ionekane mugongo!" Walifunika mteremko wote, kutoka juu palipokatwa mikaratusi hadi nyuma ya jikoni.

Ilipofika saa nne walishuka, wakaoga, wakabadilisha nguo. Mama alivaa kitenge cha Pasaka na kilemba chake. Wakasimama nyuani mwao wakitazama juu. Mtu akauliza kama inabidi kucheka. Mama akasema nyuso hazionekani lakini kusimama wima hakujamdhuru mtu.

Msidhani walikuwa wanadanganya. Nimelifikiria jambo hili sana, na naapa hawakuwa. Kwetu mgeni akishatangaza siku yake, uwanja hufagiliwa, mashimo ya njiani hufukiwa, hata ukuta wenye ufa huwekewa kalenda juu yake. Hakuna anayeita hiyo uongo. Ni heshima kwa mgeni. Nami nilikuwa nimewatangazia mgeni, nikawapa na saa yake, nikawaambia na rangi anayoipenda. Wangemkaribisha vipi kwa udongo mtupu?

Jumatatu yake Shefu aliniita nikaangalie picha mpya. Shefu wetu ni mtu wa Kigali, nadhifu, anakunywa chai bila sukari, na nina uhakika hata soksi zake hupigwa pasi. Alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, uso umemng'aa. Doa jekundu la Mururu lilikuwa limetoweka. Mahali pake palikuwa na kijani kizito, kizuri, kuliko hata msitu. Shefu alisema hii ndiyo maana ya kushirikisha wananchi, kwamba ukiwaeleza watu wanapanda, na kwamba alikuwa ameshaanza kuandika ripoti. Nyumba zilizokuwa chini ya doa hilo alikuwa ameziondoa kwenye orodha ya wanaohama. Ya mama yangu ilikuwa ya kwanza.

Nilikitazama kile kijani kwa karibu. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati hata magugu yanaomba msaada. Hakuna mlima unaoota namna hiyo kwa siku sita. Nikasema naumwa kichwa, nikapanda pikipiki mpaka Mururu.

Majani yalikuwa yameanza kujikunja pembeni. Mbuzi wawili walikuwa wanakula ukingo wa ushahidi. Mama alikuwa anachambua maharagwe mlangoni mwa jikoni.

"Maman, hii ni nini?"

"Majani."

"Naona iko majani! Nani aliyaleta?"

"We njo ulisema kijani yoyote."

"Maman, mulima iko na ufa! Mimi mwenyewe nimeona ile ufa, mukono inaingia! Majani haishikake mulima!"

Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagwe. "Na satelite ilisema nini?"

Nikageuka kuwatazama mbuzi.

"Nakuuliza, ilisema nini?"

"Ilisema iko muzuri."

"Basi," akasema. "We na satelite, mukasikilizane kwanza. Mukimaliza mutakuya kuniambia."

Nikapanda mteremko kwa hasira nikaanza kuyatupa majani chini. Nilitupa kama ishirini, na mbuzi walinifuata kwa shukrani, halafu nikachoka nikakaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wahenga walivyosema, na nikiwa nimekaa pale niligundua kwamba wahenga wote walikuwa rika la mama yangu. Hawakuacha methali hata moja kuhusu mkuu asiyesikia la mtoto. Nikabaki sina silaha.

Nilikuwa na njia mbili. Ningenyamaza, mama abaki nyumbani kwake kwa baraka za serikali, za mradi na za anga. Au ningesema, nimwaibishe yeye, kwaya yake na katekista wake. Siku mbili sikula vizuri. Ya tatu niliingia kwa Shefu nikamwambia kile kijani ni majani ya migomba.

Shefu akaweka kikombe chini. Akauliza yalifikaje kule. Nikamweleza juu ya kwaya. Akauliza yameshikwa na nini. Nikamweleza juu ya besi na mawe. Mwisho akauliza kiongozi wa kazi hiyo ni nani.

"Ni mama yangu," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata wiki mbili. Picha iliyofuata ilionyesha majani yamekauka, na mlima ulikuwa mwekundu kuliko mwanzo, kama ulioona aibu. Nyumba zikarudi kwenye orodha. Nami nikapata barua: nijieleze kwa maandishi ilikuwaje mama mzazi wa mfanyakazi ajue saa ya picha, na mfanyakazi mwenyewe asijue habari za majani. Chini iliongezwa kwamba maelezo yasiporidhisha, mkataba wangu hautaendelea. Niliificha barua hiyo chini ya godoro. Sikuwa na maelezo. Saa niliitangaza mwenyewe, kwa kelele, mkono ukiwa nje ya mfuko.

Mama alihamishwa na mwenyekiti wa kijiji, si na mimi. Alifika Kamembe na magunia mawili, kuku mmoja na maneno ambayo aliyarudia kwa kila mpangaji wa ua wetu: "Mutoto yangu ameniuzisha kwa satelite." Jirani yangu, mke wa seremala, mama wa Kiislamu mwenye roho nzuri, alimletea chai ya tangawizi akamsikiliza kuanzia alasiri mpaka magharibi. Kesho yake aliponisalimu alinisalimu nusu.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mama yangu alinipa mimi jembe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho sikuwahi kukijali, na akasema hawezi kukaa na watu wanaonunua lengalenga, huo mchicha wa kwetu, sokoni kama wagonjwa. Alipanga upya vyombo vyangu. Aliangalia chini ya kila kitu. Jiko langu la gesi alilikataa kabisa.

"Maharaki ya gazi haina roho," akasema. "Maharaki inataka nyungu, inataka kuni, inataka muda. Hii yako inaivaka kama muntu mwenye anakimbia polisi."

Na mvua ikakataa kunyesha.

Hilo ndilo lililonimaliza. Tulitangaza mvua kubwa, na kila siku jua lilitoka kwa wakati wake likazama kwa wakati wake. Asubuhi mama alikuwa ananisubiri na kikombe cha chai na swali moja: "Mulima yako iliamuka namna gani?" Jioni: "Ilishinda muzuri?" Jumapili aliuombea mlima kwa sauti mbele ya wageni, kwamba Bwana aujalie usingizi mwema. Nilikuwa natoka nyumbani bila kumaliza chai.

Nitasema jambo ambalo si zuri. Nilianza kutamani mlima ushuke. Si wote. Kidogo tu, sehemu ya jikoni, mchana, bila mtu, ili nirudi nyumbani jioni nikute amenyamaza. Niliomba hata kanisani, nimefumba macho, nikiwa nimepiga magoti pembeni yake. Nilijua ni dhambi na niliomba hivyo hivyo.

Halafu mvua zikaja, na zikaja vibaya. Ziwa likawa rangi ya chai ya maziwa, mitaro tuliyoizibua ikafurika. Mawingu yalifunika kila kitu hivi kwamba picha zetu za kila wiki zilikuwa nyeupe tupu, na Shefu akawa anachungulia dirishani kama watu wengine. Ilikuwa wiki hiyo hiyo nilipogundua kwamba kitenge cha mama kinanukia moshi.

Gesi haina moshi. Nikamwuliza. Akasema ni moshi wa jirani. Jirani anapikia makaa. Nikamwuliza tena, kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumpigia mzazi, na ndipo aliposema. Kila nilipokwenda kazini alikuwa anapanda pikipiki mpaka Mururu, anawasha kuni katika jikoni yake, anaweka chungu, anakaa saa tatu, anarudi na maharagwe kwenye kopo kabla sijafika. Nami nilikuwa nimeyala wiki mbili nikiyasifu, nikidhani hatimaye amepatana na gesi.

Nilipiga kelele. Nilimwambia atakufa kwa ajili ya maharagwe. Akaniambia nisimsemeshe hivyo, yeye si mtoto wa darasa la kwanza. Tulilala bila kuagana.

Asubuhi niliondoka mapema kwenda Mibirizi, tulikokuwa na mlima mwingine wa kuukagua. Mvua ilikuwa ya nguvu. Alikuwa macho, nilimsikia akikohoa chumbani, lakini sikuingia. Nilikuwa bado nimenuna.

Saa tano hivi simu iliita. Katekista. Sauti yake ilikuwa juu, yeye ambaye hata akikosea mtu wimbo hapazi sauti.

"Mulima imeshuka," akasema. "Imeshuka ku nyumba ya Maman. Jikoni haiko tena. Yeye iko na we?"

Nikampigia mama. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Nikapiga kwa mke wa seremala, akaniambia Maman ametoka tangu saa moja na nusu, amejifunga kitenge kizuri, hakusema anakwenda wapi. Sijui nilimwambia nini dereva wa pikipiki. Nakumbuka tu kwamba barabara kutoka Mibirizi ilikuwa utelezi mtupu, tulianguka mara moja, na mara zote mbili tulizosimama nilimpigia tena, ile sauti ya mashine ikinijibu kwa upole kwamba mtu huyo hapatikani.

Udongo ulikuwa umeshuka kutoka pale pale palipokuwa na ufa. Jikoni ilikuwa haipo, hata alama. Nyumba kubwa ilikuwa imevunjwa mgongo: ukuta wa nyuma na paa vilikuwa ndani ya matope, na mlango wa mbele peke yake umesimama na kufuli yake. Kwaya nzima ilikuwa inachimba. Wanaume wana majembe, wanawake masufuria. Hakuna aliyekuwa anaimba.

Nikaingia nikachimba kwa mikono. Mtu alinipa jembe nikalikataa, niliogopa nitamkata. Nilichimba nikilia, nikiita Maman, Maman, na kichwani yalikuwa yanapita maneno yale yale niliyoyaomba nimefumba macho: sehemu ya jikoni, mchana. Nilikuwa nimesahau kuomba kwa nguvu ile ya tatu: bila mtu. Nikakuta kifuniko cha chungu. Nikakuta kijiko cha mbao. Kucha mbili ziling'oka na sikuzisikia. Katekista alinishika bega akasema tuombe, nikamwambia achimbe.

Simu yangu ikaita kwenye mfuko wa koti. Nikaipokea na mkono wa matope. Ni Shefu.

Aliomba radhi kwa kunisumbua nikiwa kazini. Akasema kwa adabu yake yote, lakini sauti imechoka, kwamba kama inawezekana nije ofisini nimchukue mama yangu, kwa maana amekaa pale tangu saa mbili kamili na hataki kuondoka.

Nikakaa chini. Nikampa simu katekista, naye akasikiliza, akamweleza yaliyotokea, akavua kofia, akawageukia watu akasema, "Iko ku bureau." Watu wakaacha kuchimba. Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kucheka, akashindwa kuacha, mpaka sote tukacheka pale matopeni kama wendawazimu, mvua ikituingia vinywani.

Gari la mradi lilifika kabla hatujanyanyuka. Shefu alishuka kwanza, na viatu vyake vikazama, na kwa mara ya kwanza sikuona akijali. Akanivuta pembeni akanipa karatasi. Ilikuwa barua yake ya kunitaka nijieleze, ile ya chini ya godoro, imesahihishwa yote kwa kalamu nyekundu kwa mwandiko wa mama, na mwisho imewekewa alama: sita kwa kumi.

Alinieleza. Mama alikuwa ameingia ofisini saa mbili, amezima simu kwa sababu mlangoni kuna tangazo linalosema zima simu, na yeye hutii matangazo. Amesimama mbele ya meza ya Shefu, amesema maneno machache, ambayo Shefu alinirudishia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mi njo nilileta majani. Mutoto yangu hakujuaka. Kama iko lazima kufukuza muntu, munifukuze mi ku nyumba." Kisha ameweka ufunguo wa nyumba yake mezani, ule ambao mwenyekiti wa kijiji alishindwa kumnyang'anya.

Shefu aliguswa, akaandika palepale barua ya kunisamehe. Mama akaisoma, akauliza kashe, yaani muhuri, iko wapi. Shefu akasema sahihi inatosha. Mama akamwambia Bukavu kote na Rwanda yote barua bila kashe ni karatasi ya kufungia karanga. Kashe ilikuwa imefungiwa kwenye saraka ya katibu, na katibu alikuwa amekwama Kamembe kwa mvua. Basi mama akakaa kuingojea. Alikuwa amepanga amalize saa mbili na nusu, apande kwenda kuweka maharagwe yake. Amekaa saa moja, saa mbili, saa tatu, mkoba magotini, akimngoja katibu na muhuri wake, na wakati huo mlima ukashuka.

Mama alikuwa ametoka garini peke yake. Alipita katikati yetu bila kusalimu mtu, akaenda mpaka kwenye ule mlango uliosimama. Akautikisa. Akautikisa tena.

"Niliufungaka," akasema. "Niliufungaka muzuri."

Halafu akakaa kwenye matope na kitenge chake kizuri, akalia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kama watoto aliowapokea miaka yote siku ya kwanza ya shule. Sikuwahi kumwona akilia. Nikaenda nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno mengi wiki zote zile, ya kumshinda, na sikukumbuka hata moja.

"Maman, mi niliomba ianguke," nikamwambia. "Niliomba jikoni tu."

Alinipiga kofi la bega, la nguvu, kisha akauacha mkono wake palepale. "Na mi niliomba ikuwe uongo," akasema. Akamgeukia katekista, aliyekuwa amesimama na kofia mkononi. "Papa, enda funga bitu byako. Leo. Usiseme na mi."

Katekista akavaa kofia akaenda.

Ndipo mama alipoiona mikono yangu. Akaishika, akaigeuza, akatazama mahali kucha zilipokuwa.

"Ulikuwa unachimba na mikono?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Wewe."

Mama yangu akaiachia mikono yangu. Akatafuta kwenye kitenge chake kona moja iliyokuwa bado safi, akaitemea mate, akanishika kidevu, akaanza kunifuta matope usoni, mbele ya Shefu na kwaya nzima, akisugua mpaka panauma, na mimi nikakaa kimya nikamwinulia uso.